Nani Anauua Mparachichi wa Mama

Jumatatu, 13 Januari

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Nimekagua kabla ya kupiga mswaki, kama kila siku.

Magunia mawili ya sukuma wiki: hai, ila la pembeni lina majani yenye matundu mapya. Nyanya: imebaki miche mitatu kati ya saba. Juzi ilikuwa minne. Dania: imenyolewa hadi udongoni. Hiyo ni kazi ya mbuzi wa jirani yangu Habiba. Sikumwona akila, lakini leo amepita mbele yangu kwa madaha ya mtu aliyeshiba.

Mparachichi, ndani ya ndoo yake: majani kumi na moja. Jana yalikuwa kumi na mawili. Moja lilikuwa chini, la manjano, halina jino. Mbuzi haangushi jani akaliacha. Nimeliokota nikalitia ndani ya kitabu cha mahudhurio.

Halafu kuna hili. Udongo wa ndooni ni mbichi. Mimi nilimwagilia Alhamisi. Hapa Garissa ukianika nguo, ya kwanza inakauka kabla hujaanika ya mwisho. Udongo gani huo unaokaa na maji siku nne?

Nitamuuliza Kiprono. Ndiye mwalimu wetu wa kilimo.

Jumanne, 14 Januari

Nimemuuliza. Hakuniacha nimalize. Akasema ni yale matandazo ya nyasi kavu aliyonishauri niweke Desemba, ndiyo yanayotunza maji. Akaligeukia staffroom zima akawatangazia kwamba matandazo yanafanya kazi hata jangwani. Walimu wawili wakampigia makofi.

Sijaridhika. Mtu akijibu haraka hivyo, hajafikiri.

Jumatano, 15 Januari

Niliandike hili sasa, nisije nikasoma kurasa hizi mwakani nikajiona mwendawazimu. Mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mwalimu wa Kiswahili, anahesabu majani.

Mama alikuwa na mparachichi nyuma ya jiko, kwetu Wundanyi. Tulikula chini yake, tukachapwa chini yake. Mama alifariki mwaka juzi. Sikulia mazikoni. Nilikuwa nahesabu sufuria tulizoazima kwa watu, maana niliwajua watakaozitorosha. Likizo ya Aprili iliyopita nikaenda nyumbani nikakuta kisiki. Ndugu yangu Mwakio ameukata ajenge kibanda cha kuuzia simu. Alisema mti ulikuwa unaziba njia. Sijawahi kuona mti ukiziba njia ambayo haikuwepo ulipoota.

Niliokota kokwa moja kwenye majani makavu. Nikaifunga ndani ya soksi mbichi, nikasafiri nayo hadi huku. Ilikaa wiki saba kwenye gilasi dirishani kabla ya kupasuka. Sasa ni mti wa kimo cha goti, ndani ya ndoo ya rangi. Ukifa huu, hakuna mwingine. Basi.

Kila mtu alinionya kwamba parachichi haliwezi joto la Garissa. Kiprono alisema. Habiba alisema. Hata aliyeniuzia ndoo alisema. Mimi nasema hivi: anayebashiri kifo, kifo kikija, aanze yeye kuhojiwa.

Jumamosi, 18 Januari

Majani tisa.

Nimeketi nikaorodhesha watu wa ploti. Vyumba ni vinne. Viwili ni vya madereva wa malori ya Mandera, ambao wiki hii hawapo. Cha tatu ni changu. Cha nne ni cha Habiba, anayeuza maziwa ya ngamia sokoni, pamoja na mama yake mzazi. Mzee huyo aliletwa Desemba kutoka Buna baada ya ukame kumaliza mifugo yake. Wote hapa tunamwita Ayeeyo, yaani bibi. Kiswahili chake ni kidogo, p zote huwa b, na miguu inamsumbua. Kutwa yuko kwenye mkeka kando ya mlango na tasbihi mkononi. Huyo nimemwondoa kwenye orodha.

Anabaki Habiba. Zamani tulikuwa tunakunywa chai pamoja. Mwezi uliopita nikamwambia mbuzi wake amekula dania yangu. Akaniambia mbuzi hasomi mpaka wa mtu. Nikamwambia mwenye mbuzi anasoma. Tangu hapo ni salamu tu, tena za kukatakata. Maziwa nanunua kwingine, na kwa kweli yana ladha ya moshi mwingi.

Ndoo iko nyuma ya tangi la maji, kwenye kona, ambako jua la mchana halifiki. Ni pahali pa siri. Nilipachagua kwa usalama. Sasa naona nilimchagulia adui.

Jumapili, 19 Januari

Baada ya kanisa nimenunua waya wa kuku nikauzungushia mparachichi. Nimejikata vidole viwili. Mbuzi alisimama akiniangalia tangu mwanzo hadi mwisho, anajifunza.

Nilipoingia ndani kunawa damu, amekula insha tatu za Kidato cha Pili nilizoacha kwenye kigoda. Mada ilikuwa "Umuhimu wa Kutunza Mazingira". Jumatatu nitawaambia nini wale watoto?

Jumatano, 22 Januari

Waya uko sawa, haujaguswa, na mti unazidi kuharibika. Kwa hiyo si mbuzi. Nimesikitika kidogo, nilikuwa nimeshamhukumu.

Majani yamelegea, yananing'inia kama masikio ya punda. Ncha zimekuwa kahawia. Mti wenye kiu, mtoto yeyote angeona. Ila udongo ni mbichi! Nimetia kidole hadi kifundo. Mbichi. Nikaona labda ubichi ni wa juu tu na chini kumekauka. Nimeongeza jagi zima la maji.

Kiprono leo kasema ni chumvi. Juzi ilikuwa matandazo, leo ni chumvi. Nimemuuliza imeingiaje, maana maji yetu ni ya mto. Akasema basi mtu anaitia. Amesema kwa mzaha huku akitafuna mandazi. Mimi sikucheka.

Jumamosi, 25 Januari

Nimepata kitu.

Nyuma ya tangi, limesimamishwa vizuri ukutani, kuna birika la plastiki, la kijani, lenye mdomo mrefu. Si langu. Ndani mlikuwa na maji kama kikombe kimoja. Nimeyanusa. Hayana harufu. Nimechovya kidole nikaonja. Hayana ladha. Sumu isiyo na harufu wala ladha ndiyo mbaya kuliko zote.

Nimekaa saa nzima nikisubiri nidhurike. Sikudhurika. Nimerudisha birika vilevile lilivyokuwa, mdomo ukielekea ukutani, ili mwenyewe asijue kwamba najua.

Majani sita.

Jumapili, 26 Januari

Jioni nimemwaga jivu la mkaa kuzunguka ndoo, nikalisawazisha kwa ufagio. Atakayekanyaga ataacha muhuri wake.

Ayeeyo alikuwa mkekani akinitazama. Nikamwamkia. Akaitikia, halafu akaangalia mti, akaniangalia mimi, akatikisa kichwa. Alikuwa na uso wa mtu aliyeudhika. Kumbe hata mzee wa watu anauona uovu unaotendeka hapa. Nimefarijika.

Jumatatu, 27 Januari

Jivu limekuwa tope. Limemwagiwa maji, tena mengi. Kando kuna nyayo mbili za ndara, zile zenye alama ya maua.

Nimezunguka ploti kimyakimya nikikagua ndara. Habiba anazo za maua. Madereva wameacha jozi mlangoni, maua. Nikainua zangu. Maua. Sote tumenunua duka moja.

Jumanne, 28 Januari

Nimemkabili Habiba alfajiri kabla hajatoka na mitungi yake. Sikumshutumu. Nilimwambia tu kwamba kuna mtu anatembelea mti wangu, na kwamba Mungu anaona. Akasema nimuulize mbuzi, si kwa sababu yake mti umefungwa jela ya waya? Akabeba mitungi akaenda.

Mwenye hatia hujibu kwa kejeli. Hilo nimelifundisha miaka ishirini na sita katika uchambuzi wa wahusika.

Majani manne. Shina limeanza kuwa jeusi pale chini. Nimemwagilia tena. Siku hizi nikiwa darasani nasikia sauti ya mama ikiniuliza umewapa wageni nini. Mti wake ulikuwa jibu la swali hilo kila msimu. Nimechoka.

Ijumaa, 31 Januari

Nimejua.

Saa tano na nusu nilimwambia naibu mwalimu mkuu kichwa kinaniuma. Uongo, lakini kufikia jioni kiliuma kweli. Nikarudi ploti kwa mlango wa nyuma, nikaingia chumbani bila kuvua viatu, nikabana pazia kwa vibanio vya nguo nikaacha upenyo. Joto lilikuwa la kuoka mikate. Nikasubiri.

Kabla ya adhana ya adhuhuri nikasikia ndara. Polepole. Zinaburutwa.

Ayeeyo.

Alikuja na kigoda kidogo. Akasogeza waya wangu kama mtu anayefungua lango la kwake. Akaketi mbele ya ndoo, akachukua birika, akaanza kutawadha. Viganja. Akasukutua, akatema juu ya mti. Pua. Uso. Mikono hadi viwikoni. Kichwa, masikio. Akainua mguu mmoja kwa mikono yote miwili, kwa taabu, akauosha juu ya ndoo, kisha wa pili. Maji yote, hata tone halikuanguka pembeni. Yaliyobaki akayamimina kwenye shina akiongea nalo kwa Kisomali, taratibu, akashika jani moja akalifuta vumbi kwa ncha ya shuka lake.

Nikatoka. Sijui nilitokaje. Nilimpigia kelele mama wa watu aliyenizidi miaka thelathini, uso wake bado unatiririka maji ya udhu. Nikamwambia ananiulia mti.

Hakuogopa. Aliinuka kwa shida, akanielekezea kidole.

"Mimi naua? Mimi nabea yeye maji. Wewe ndio unaua. Mti hii iko na kiu. Asubuhi unakuja, unaangalia, unahesabu, unaenda. Siku mbili, siku tatu, hubei yeye maji. Hata mnyama ya adui sisi tunabea maji."

Akachukua kigoda chake, akaingia ndani, akafunga mlango. Birika ameliacha.

Mimi nimebaki nimesimama na viatu vya shule ndani ya tope. Alfajiri, adhuhuri, alasiri. Bila shaka mara tatu kwa siku, tangu alipoletwa Desemba, mimi nikiwa nimelala au nimetoka. Jioni alikuwa anatawadha bombani, kwa sababu mimi niko nyumbani na macho yangu ni makali.

Mti wa mama, katika mji huu, katika kiangazi hiki, umezama.

Jumamosi, 1 Februari

Mkeka hauko nje. Mlango wao umefungwa. Ninaona aibu mpaka nashindwa kwenda bombani.

Na hasira pia. Zote mbili.

Jumapili, 2 Februari

Sikwenda kanisani. Nimenunua kilo mbili za sukari na majani ya chai, nikabisha kwa Habiba. Hapa ukimkosea mtu mzima huendi na maneno matupu. Hata kwetu ni hivyo.

Habiba alifungua akaangalia sukari, akanipisha. Ayeeyo alikuwa ameketi kitandani, ameelekea ukuta. Nikasema samahani. Nikairudia. Habiba akaitafsiri, na nahisi aliitafsiri ikawa ndefu zaidi ya nilivyosema, Mungu ambariki.

Kisha Habiba akanieleza, huku akichemsha chai. Kwao Buna maji ya udhu hayamwagwi ovyo. Ukitawadha unachagua pa kutawadhia, penye mche, penye mtoto wa mbuzi, penye chochote kinachoweza kunywa. Mama yake amefanya hivyo tangu utotoni. Alipofika hapa akakuta ploti ya saruji, bomba, tangi, na kitu kimoja tu kilicho hai chenye kuhitaji maji. Mbuzi ana mwenyewe, sukuma wiki ina mwenyewe kila jioni. Ila ule mti ulikuwa unamwagiliwa siku moja moja, na kila siku majani yanalegea zaidi. Akaamini kuna kitu kinateswa. Alimwambia Habiba wiki ya kwanza kwamba yule mwalimu ana roho ngumu.

Kumbe nami nilikuwa kwenye orodha ya mtu.

"Mwalimu," Habiba akasema, "huyo mzee hajui mambo ya mizizi. Anajua kiu tu."

Nikawaeleza mti umetoka wapi. Kisiki, kibanda cha simu, soksi. Habiba akatafsiri. Ayeeyo akageuka kutoka ukutani. Akauliza jambo. Nilidhani anauliza kuhusu mti.

Habiba akasema, "Anauliza mama yako alikuwa anaitwa nani."

Nina miaka sita hapa Garissa. Mama alipofariki walimu walinichangia, wakanipa pole, wakaniuliza nitarudi lini kazini. Hakuna aliyewahi kuniuliza jina lake.

Nikasema, Malemba. Ayeeyo akalirudia, Malemba, vizuri kabisa. Nikalia kwenye chai ya watu. Nililia vibaya, kwa kamasi. Hakuna aliyenikataza.

Jumatatu, 3 Februari

Kiprono alikuja baada ya vipindi. Tukaung'oa mti kutoka kwenye ndoo. Harufu ilikuwa ya mtaro. Mizizi yote ni myeusi, laini, ukiishika inabaki mkononi kama mchicha uliochemshwa mara mbili. Akasema mti uliozama hulegea sawasawa na mti wenye kiu, kwa hiyo unaudanganya moyo wa anayeutunza, anaongeza maji, unazama zaidi. Akaniuliza kama mimi pia niliongeza. Nikamwambia kidogo. Ilikuwa majagi manne.

Basi wauaji tulikuwa wawili.

Akapata mizizi mitatu myeupe, myembamba kama nyuzi. Akakata mingine yote kwa kisu, akapogoa juu, akaacha majani mawili. Tumeupanda kwenye mchanga mkavu wa mto, ndani ya ndoo iliyotobolewa chini. Masharti: kivulini, na siku kumi bila maji. Hata tone. Mizizi ikitafuta maji yenyewe itaota. Isipotafuta, basi.

Kuhusu matandazo yake yanayofanya kazi jangwani hakusema kitu. Nami sikumkumbusha. Nimeahirisha tu hadi mkutano wa walimu.

Jumanne, 4 Februari

Nimeondoa waya wa kuku. Mbuzi ameujia mti, ameunusa, ameondoka. Hata yeye.

Habiba ameniletea nusu lita ya maziwa, akakataa malipo. Hayana moshi mwingi hata kidogo. Wale wa kwingine walikuwa wananiuzia nini?

Alhamisi, 6 Februari

Siku ya tatu bila maji. Joto halisemeki. Lami ya mbele ya posta inashika viatu.

Ayeeyo amerudi nje. Alimkabidhi Habiba birika lile la kijani alifungie kabatini, ili mkono usimponyoke. Sasa anatawadha bombani, na akimaliza anasimama pale kidogo, anaangalia maji yanavyokwenda na mtaro.

Jioni aliniuliza kama anaweza kuuosha majani tu, bila kugusa udongo. Nikasema hapana. Akaniuliza kama anaweza kulowesha kitambaa akakiweka karibu, usikie baridi. Nikasema hapana. Nilijiona mkatili kuliko Farao.

Usiku kabla ya kulala nikatoka kutia kidole mchangani. Mkavu. Nilikuwa namshuku, nakiri hapa ambapo hakuna anayesoma. Tabia haiachi mtu kwa sababu ya kilo mbili za sukari.

Jumamosi, 8 Februari

Mchana jani moja lilijikunja mbele ya macho yangu. Nilijikuta nimesimama mbele ya ndoo na kikombe cha maji mkononi. Sikumbuki kukijaza. Nilijiambia ni kijiko kimoja tu, Kiprono mwenyewe hana uhakika, mara matandazo, mara chumvi.

"Mwalimu."

Ayeeyo, kutoka mkekani. Hakupaza sauti. Akanyoosha mkono. Nikampelekea kikombe. Akayanywa yale maji yote, akanirudishia kikombe, akaendelea na tasbihi.

Jumapili, 9 Februari

Padri amehubiri kuhusu subira. Nimehisi kuna mtu amemwambia.

Jumatano, 12 Februari

Siku ya tisa. Majani mawili, moja limekauka nusu. Shina bado kijani kwa juu. Nimelikwaruza kwa ukucha, kidogo tu, kama alivyonionyesha Kiprono. Kijani.

Niliporudi kutoka shule nimekuta Ayeeyo amehamisha mkeka. Sasa uko karibu kabisa na mti, lakini yeye ameketi akiupa mgongo. Nikadhani amenikasirikia kwa jambo fulani, kwa sababu mimi hudhani. Nikamuuliza. Akanijibu kwa Kiswahili chake, akitafuta kila neno. Ng'ombe, mbuzi, ngamia, wote aliwaangalia mpaka mwisho, macho kwa macho, na maji hakuwa nayo. Sasa kuangalia kitu iko na kiu hawezi tena. Lakini kuiacha peke yake pia hawezi.

Nimeleta kigoda changu. Nimeketi mbele yake. Yeye ananitazama mimi, mimi nautazama mti juu ya bega lake. Daftari hili liko gotini na mwanga unapungua. Habiba amepita na mitungi mitupu, ametuona, ameingia kuweka chai motoni.

Kila baada ya muda Ayeeyo ananiuliza kwa sauti ndogo, "Mti imekufa?"

Namwambia bado.